Bi Mlangoni na Harufu Isiyotoka

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo namkumbuka mwanamke ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyeruhusiwa kumsogelea.

Wenzake kazini walimwita Bi Mlangoni, na mwenyewe alilizoea jina hilo. Ukimwalika, anakuja. Akifika, anasimama mlangoni. Anasalimia kutoka hapo, anacheka kutoka hapo, anaaga kutoka hapo. Hakuwa na maringo. Hakuwa mgonjwa. Ilikuwa ni kazi yake tu.

Kazi gani hiyo? Tuielewe vizuri, maana ndiyo iliyomtenga na watu. Sisi tunafua, tunaoga, tunajipaka. Maji machafu yanakwenda zake mtoni, nasi tunasahau. Bi Mlangoni hakusahau. Alikuwa mtaalamu wa maabara, na kazi yake ilikuwa kutabiri ni kemikali ipi ya kwenye sabuni, losheni au manukato itakayojikusanya mwilini mwa samaki. Nasema kutabiri. Kwa hesabu, kabla samaki wa mtoni hajaathirika.

Hesabu yenyewe alinieleza hivi: "Angalia kinachoingia, halafu angalia kinachotoka. Kikiingia haraka na kutoka polepole, samaki anageuka ghala."

Aliniambia hayo nilipokwenda kumhoji. Nami siku hiyo nilikuwa nimejipulizia, si mnajua tena, unakwenda kuonana na mtaalamu. Nilipotokea tu kwenye korido, akanyoosha kiganja. "Kijana, bakia hapohapo! Umebeba duka zima!" Basi mahojiano yale tuliyafanya kwa kupaziana sauti, mimi koridoni, yeye mlangoni, mkono wangu umekufa ganzi kwa kunyoosha maikrofoni. Nilicheka sana. Wakati ule sikujua jambo lenyewe lilikoanzia.

Lilianzia harusini.

Bi Mlangoni alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kike. Wazazi waliwatoka mapema, kwa hiyo dada ndiye aliyemlea. "Nilikuwa silali mpaka nimshike shingo," mdogo wake aliniambia. "Nikakua nikawa msichana mkubwa, bado namng'ang'ania. Ananiambia, wewe, utaninyonga!"

Siku mdogo mtu alipoolewa, alichukua chupa yake ya manukato akampulizia dada yake gauni zima. Akamkumbatia, akamkumbatia tena.

Kesho yake Bi Mlangoni akaingia kazini na furaha yake. Maabara ilikuwa ikipima samaki wa matangi mawili. Tangi la kwanza lilitiwa harufu mpya ya sabuni ya unga, la pili lilikuwa na maji safi. Majibu yalipotoka, kila samaki alikuwa na harufu ile. Hata wa maji safi! Wakatafuta chanzo juu chini, kumbe chanzo ni yeye. Manukato ya bibi harusi yalikuwa na kemikali ileile, nayo ilikuwa imemganda kwenye nywele na ngozi. Kazi ya msimu mzima ikatupwa. Na watengeneza sabuni, waliokuwa wakidai samaki huitoa kemikali hiyo bila shida, wakapata la kusema. Walisema mtabiri ananukia kuliko samaki wake.

Ilimchoma. Tangu hapo hakujipaka kitu. Na kwa sababu ukimkumbatia aliyejipaka nawe umejipaka, akaacha kukumbatiwa.

"Subiri nimalize hawa samaki," alimwambia mdogo wake.

Wakaisha hao, wakaja wengine. Mdogo wake akazaa. Watoto wakafundishwa: msimguse Mama Mkubwa. "Mwanangu wa kwanza alikuwa anampungia mkono tu," anasema, "kama mtu aliyepanda basi."

Na utabiri? Ulitimia, wasikilizaji wapendwa. Samaki walipimwa upya, na harufu ile ilikuwa imejaa kwenye mafuta yao, kwa kiasi kilekile ambacho hesabu yake ilisema. Sabuni ikabadilishwa. Wenzake wakampigia makofi wakiwa wamejipanga mbali, ukutani. Kisha akarudi kwenye vyumba vyake viwili, akala amesimama jikoni. Inaniuma hiyo.

Akastaafu. Mdogo wake akafungua mlango, akafungua na mikono. "Dada, samaki wameisha. Njoo."

Bi Mlangoni akasimama palepale pa siku zote. Miguu iligoma. "Samaki nao ndivyo walivyo," akasema. "Unamhamishia maji safi, lakini kilichokwisha kuingia hakitoki siku hiyohiyo."

"Mimi si samaki!" mdogo wake akamaka.

"Wewe siyo," akajibu. "Mimi."

Walikaa karibu kidogo, miaka ile ya mwisho. Kiti kwa kiti. Mara mojamoja walishikana mikono. Kukumbatiana, hapana. Wiki iliyopita Bi Mlangoni alifariki nyumbani kwake, usingizini, peke yake.

Kwa mdogo wake, na kwa watoto waliokuwa wakimpungia Mama Mkubwa wao, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nanyi mnaonisikiliza, mkimwaga maji ya kufulia leo, yafikirieni yanakokwenda. Na kama kuna mtu mnamwambia asubiri kidogo, mfikirieni na yeye.

Sijamaliza. Mdogo wake ameniruhusu niseme hili pia.

Baada ya mazishi alifungua kabati la dada yake. Alitaka nguo moja tu ya kunusa, kama tufanyavyo sote tukifiwa. Akanusa sweta, akanusa shuka, akanusa mto. Hakuna kitu. Mwanamke mzima ameishi duniani, na nguo zake zinanukia maji.

Chini kabisa akakuta mfuko wa nailoni, umefungwa ndani ya mfuko mwingine, na huo ndani ya mwingine. Akaufungua. Lilikuwa lile gauni la harusini. Halikuwahi kufuliwa. Chumba chote kikanukia.

"Nilikuwa natafuta harufu ya Dada," aliniambia. "Nikaikuta yangu."