Shangazi Ametoka

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Leo tunamkumbuka mtu ambaye jina lake halikuandikwa kwenye kitambulisho chochote. Fundi Usiguse. Ndivyo walivyomwita kazini, na ndivyo majirani walivyomjua. Hata msiba ulipotangazwa, mkewe alilazimika kuliongeza jina hilo, maana watu walisikia lile la kwenye karatasi wakauliza, "Huyo ni nani tena?"

Fundi Usiguse alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Alikuwa fundi wa kompyuta katika karakana ya miguu bandia. Narudia, wasikilizaji: fundi wa kompyuta, katika karakana ya miguu bandia. Hakuwahi kuchonga mguu hata mmoja. Lakini siku hizi mguu haupimwi kwa plasta na utepe peke yake. Kamera inazunguka paja la mgonjwa, vipimo vinaingia kwenye kompyuta, na mashine inachonga kwa kufuata vipimo hivyo. Vipimo vya watu elfu moja mia nne na kumi na wawili vilikaa kwenye diski sita, ndani ya kabati la chuma, katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya mapokezi. Kazi ya fundi ilikuwa kuvitunza.

Jina la Usiguse lilitokana na neno lake la kwanza kwa mtu yeyote aliyemletea kompyuta mbovu. Kabla ya salamu: "Usiguse."

Sasa, kuhusu zile diski sita. Zilifanya kazi kama moja. Programu ilivigawa vipimo vipande vipande na kuvisambaza kote, kwa mpango kwamba diski moja ikifa, tano zilizobaki zinakumbuka kwa niaba yake. Moja tu. Zikitoka mbili, hakuna wa kukumbuka. Na kwa kuwa fundi alikuwa mtu wa utani, alizibandika karatasi zenye majina: Babu, Bibi, Baba, Mama, Mjomba na Shangazi.

"Aliongea nazo kuliko alivyoongea na mimi," anasema mjane wake, na anacheka kidogo. "Namuuliza umeshindaje, ananiambia Mjomba leo ana joto."

Dada yake wa damu, ambaye ndiye shangazi wa kweli katika nyumba ile, hakupendezwa. "Nilimwambia, wewe mdogo wangu, kwa nini mimi niwe wa mwisho? Akasema, dada, ile ya mwisho ndiyo yenye kelele."

Miaka minne iliyopita, fundi alichukua likizo ya wiki tatu. Ilikuwa ya kwanza baada ya miaka sita. Alitaka kumtengenezea mkewe rafu ya vyombo. Kabla ya kuondoka aliielekeza kompyuta kwamba kukitokea tatizo itume ujumbe kwenye simu ya mapokezi, na dada wa mapokezi atampigia. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi, kwa majina yale yale ya kwenye karatasi. Alisahau jambo moja. Hakumwambia dada wa mapokezi kwamba majina hayo ni ya diski.

Siku ya tatu simu ikalia. SHANGAZI AMETOKA.

"Nikadhani mtu kakosea namba," anasema dada wa mapokezi. "Nikajibu kwa adabu. Sawa, akirudi msalimie."

Ujumbe ulikuja mara moja, haukurudiwa. Zikapita siku kumi na tano. Diski tano zilifanya kazi ya sita, na hakuna aliyejua.

Siku ya kumi na nane ilikuwa Jumatano. Asubuhi, mfanya usafi alisogeza kabati ili apige deki nyuma yake. Waya mmoja wa umeme, uliokuwa unalisha diski mbili, ukalegea. Saa tatu na dakika kumi simu ya mapokezi ikalia mara mbili mfululizo. MAMA AMETOKA. MJOMBA AMETOKA.

"Hii familia inahama?" akasema dada wa mapokezi. Hakumaliza kucheka. Mkuu wa karakana alikuwa ametoka mbio kwenye chumba cha kuchonga. Mashine ilikuwa imesimama. Skrini zote zilikuwa tupu.

Mkuu aliketi mbele ya kompyuta ya fundi na kumpigia simu.

"Fundi, inaniuliza kama niziunde upya hizi diski. Nikubali?"

"Usiguse."

"Inasema ni dakika chache tu."

"Bosi, toa mkono mezani. Uweke mapajani. Umeuweka?"

"Nimeuweka."

"Ukae hapo hapo. Nakuja."

Kuziunda upya, wasikilizaji, kungekuwa sawa na kuchukua daftari lililojaa na kulifanya jipya, kurasa zote tupu. Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini ilikuwa ya miezi saba nyuma.

Fundi alifika saa nne na nusu, vumbi la mbao kichwani, penseli bado ipo sikioni. Kwenye benchi walikaa wagonjwa sita. Mmoja wao alikuwa mpaka rangi wa majengo, ambaye mguu wake ulikuwa uchongwe siku hiyo, kwani Jumatatu alitakiwa kurudi kazini. Dada wa mapokezi alimpa fundi ile simu bila kumtazama usoni. Fundi akasoma zile jumbe tatu. Kisha akasoma jibu: akirudi msalimie.

Aliketi sakafuni. Hakuketi ili afanye kazi. Aliketi tu.

"Dada, wewe hujakosea," alisema. "Utani wangu ndio uliotuponza."

Mkuu anakumbuka kwamba aliyasema maneno hayo mara mbili. Baadaye fundi aliyaandika vilevile kwenye taarifa, chini yake akatia sahihi.

Yaliyofuata yamo kwenye daftari lake, ambalo familia ilituruhusu kulisoma. Kwanza alizima kila kitu. Pili alimuuliza kila mtu alichofanya asubuhi ile, akaandika bila kumkaripia yeyote. Ndiyo maana mfanya usafi alisema ukweli kuhusu kabati, na ndiyo maana waya ulipatikana ndani ya nusu saa. Mama na Mjomba hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamekatiwa umeme. Lakini programu ilikwisha kuwahesabu kuwa hawapo, na haikuwa tayari kuwapokea yenyewe.

"Basi walazimishe warudi wote sita," alisema mkuu.

"Shangazi anabaki nje."

"Kwa nini? Si anawaka taa?"

Fundi alimwonyesha skrini. Kila diski hutunza hesabu ya mambo iliyoyashuhudia. Babu, Bibi na Baba walikuwa na hesabu moja. Mama na Mjomba walikuwa nyuma kwa hatua tatu tu. Shangazi alikuwa nyuma kwa maelfu.

"Hawa wawili wametoka mazungumzo yakiwa yanaisha," alisema. "Shangazi ametoka siku kumi na tano zilizopita. Tukimkalisha sasa, atajibu maswali ya leo kwa habari za zamani. Na atajibu kwa kujiamini kabisa." Akaongeza: "Kama dada yangu."

Dada wa mapokezi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu saa tatu.

Kisha fundi aliweka kinga. Mwanafunzi wa uchoraji anajua jambo hili: unatandika karatasi nyembamba juu ya mchoro, ukikosea unakosea juu ya karatasi, mchoro wa chini unabaki salama. Alifanya hivyo kwa kila diski. Halafu, kama saa sita mchana, akaiamuru programu iwapokee watano kwa nguvu. Mkuu alimwona akifuta kiganja kwenye suruali kabla ya kubonyeza.

Orodha ya vipimo ikatokea. Hakushangilia. Alifungua faili moja, akafungua kumi, akafungua mia. Mchana kutwa alikataza mashine isichonge chochote hadi kila kitu kinakiliwe mahali pengine.

Vipimo vya mtu mmoja tu havikupatikana, vile vilivyokuwa vinahifadhiwa dakika ile waya ulipolegea. Vilikuwa vya mpaka rangi. Fundi hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe kwenye benchi.

"Kaka, vipimo vyako vimepotea. Kosa ni langu. Naomba tukupime tena."

Mpaka rangi alimtazama. "Fundi, mguu wenyewe nilishaupoteza. Sasa nitalilia vipimo? Pima."

Alipata mguu wake Ijumaa. Jumatatu alikuwa kazini.

Siku tatu za likizo zilizobaki fundi alizimalizia karakanani. "Ile rafu ina upande mmoja mpaka leo," anasema mjane wake. "Navipanga vyombo upande huo huo."

Aliubadilisha ujumbe. Sasa unasema wazi: diski fulani haifanyi kazi, mwite fundi. Unarudiwa kila saa hadi mtu ajibu. Diski mpya ikawekwa mahali pa ile iliyokufa, na dada yake alipoulizwa iitweje alisema, "Iandikwe Shangazi. Mimi bado nipo."

Akaongeza jambo moja. Kila siku saa mbili asubuhi, hata kama hakuna tatizo, kompyuta itume maneno mawili: WOTE WAPO. Dada wa mapokezi alimuuliza kuna haja gani ya kuambiwa kwamba hakuna kilichotokea.

"Kimya kilitudanganya siku kumi na tano, dada. Sasa wakiwa wazima, waseme."

Akampa daftari. Aandike saa, na aandike anachokiona. Asiandike anachodhani. Kwa miaka minne dada wa mapokezi aliandika mstari ule ule kila asubuhi, hadi mkono ukawa unauandika wenyewe.

Fundi Usiguse alifariki Jumanne. Jumatano, saa mbili asubuhi, simu ya mapokezi ililia. WOTE WAPO. Dada wa mapokezi alifungua daftari. Tumeuona ukurasa huo. Kuna nukta nzito ya wino mwanzoni mwa mstari, pale kalamu ilipokaa muda mrefu bila kwenda. Halafu yameandikwa haya: "Saa mbili kamili. Diski sita zipo. Fundi hayupo."

Kwa mjane wake, kwa dada yake, na kwa wenzake wote wa karakana, tunawapa pole kutoka studio hii. Na kwa wale elfu moja mia nne na kumi na wawili, ambao wengi wao hawakuwahi kumwona, mahali popote mnapotembea leo, poleni.

Wasikilizaji wapendwa, huenda yupo mtu ambaye hujaisikia sauti yake siku nyingi, na kimya chake umekihesabu kuwa ni uzima. Mpigie leo, kabla jua halijazama. Akipokea, usimtafutie neno kubwa. Muulize tu: wote wapo?