Kila Mtu na Kiti Chake

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya duka la Kinyozi, na ubao wenyewe umebonyea katikati kwa ajili ya Hakimu. Sheria zake ni chache. Ukifika, unasalimia kabla ya kukaa. Ukikaa umekaa, huinuki mpaka kahawa iishe. Kahawa ikiisha, muuzaji wetu Birika anapita kukusanya vikombe, anakupa mkono wa kwaheri, nawe unasimama ukiwa umeushika. Mimi ni fundi cherehani, na duka langu liko jirani na la Kinyozi. Redio alikuwa mpaka rangi za nyumba, siku hizi anapaka habari. Hakimu hajawahi kuhukumu kitu mahakamani. Alikuwa mtunza stoo, ila hakuna ugomvi unaompita bila hukumu. Asubuhi ile sote watatu tulikuwa na ndevu za watu waliopotea porini. Duka la Kinyozi lilikuwa limefungwa tangu mvua zianze, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kumpa mtu mwingine shingo yake. Kinyozi alisema ufunguo wa kufuli umepotea, basi. Benchini haji tena, na akituona anabadili njia. Wenzangu walikuwa wanalifanyia mzaha jambo hilo. Mimi lilikuwa linaninyima usingizi.

Redio: Leo nimemwona tena.

Hakimu: Nani?

Redio: Kinyozi. Kapita njia ya uchochoroni, kichwa chini, kiti mkononi.

Mimi: Kiti gani?

Redio: Kile cha mbao, cha sebuleni kwake. Juzi kiti, wiki jana kiti.

Hakimu: Basi anauza vyombo vya ndani. Kimoja kimoja, ili mkewe asishtuke. Wahenga hawakukosea, haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Hiyo ni ya anayeweka akiba, Hakimu.

Hakimu: Kwani anayevinunua hajazi kibaba chake?

Birika alikuwa anamimina, akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani.

Birika: Mbona kiti huwa kinarudi? Mimi nikienda kuchota maji namkuta anarudi nacho.

Redio: Basi nimeelewa! Kafukuzwa. Asubuhi mkewe anamtoa na kiti chake, hasira zikipoa anamrudisha.

Hakimu: Mke gani anakufukuza halafu anakupa kiti?

Redio: Mwenye huruma. Wangu mimi angenitoa hivi hivi.

Mimi: Jamani, mwenzetu ana jambo. Tusimfanye kichekesho.

Redio: Sasa sikia, Fundi, maana nilikuwa nakuhurumia. Hayuko peke yake. Kuna akina mama watu wazima, kuna mzee mmoja wa fimbo, wote na viti. Wanaingia ule ukumbi wa nyuma ya zahanati, mlango unafungwa. Nikajibanza dirishani.

Hakimu: Ukasikia nini?

Redio: Sauti ya mwanamke. "Inueni mikono. Shusheni. Vuteni pumzi. Iachieni." Na wao wanaachia, wote kwa pamoja, fyuuu!

Hakimu: Hiyo ni dini mpya.

Redio: Dini ya viti?

Hakimu: Dunia ikiisha, wewe utakuwa unakimbia huku na huku. Wao watakuwa wameshakaa. Na huo ufunguo haujapotea. Kamkabidhi huyo mwanamke. Subirini muone, duka litageuzwa hekalu, na sisi kwenye benchi letu tutadaiwa sadaka. Mwenye macho haambiwi tazama.

Redio: Ndiyo maana sisi tunaambiana!

Nilicheka nao, lakini kicheko changu kilikuwa cha mdomoni. Nilikuwa nakumbuka mara ya mwisho aliponinyoa. Alikuwa akiuweka wembe chini kila mara, anajikanda vidole, anasema taa ni hafifu. Taa ilikuwa nzima. Nilihofia siku moja tutasikia habari zake kutoka kwa mtu anayetafuta wabeba jeneza, na sisi tumekaa hapa tunakunywa kahawa mbele ya mlango wake.

Hapo ndipo bibi mmoja mwembamba alipotokea pembeni ya zahanati, kiti cha mbao kwapani. Akakiweka karibu na benchi letu, akakaa, mgongo umenyooka. Redio alinikanyaga mguu.

Hakimu: Shikamoo, mama.

Bibi: Marahaba, mwanangu.

Hakimu ana mvi mpaka kwenye nyusi. Alifurahi kuitwa mwanangu.

Bibi: Hapa ndipo kwa Kinyozi? Kaniambia nitangulie, anakuja.

Redio: Mama, usinione sina adabu. Huko kwenye viti mnaabudu nini?

Bibi: Magoti.

Redio: Magoti?

Bibi: Na nyonga. Na vidole. Mwanangu, yale ni mazoezi ya wazee wenye baridi yabisi. Nesi anatuongoza. Ukumbi hauna viti, ndiyo maana kila mtu anakwenda na chake, kigumu, kisichoyumba, kisicho na mikono.

Birika: Kwa nini kisiwe na mikono?

Bibi: Mikono tunakwenda nayo wenyewe. Tunakaa, tunainua visigino, tunashusha. Tunakunja ngumi, tunafungua. Tunakamua kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu. Kiungo kikilalamika tunakiachia kipumzike. Hakuna kushindana, na kucheka kunaruhusiwa.

Mimi: Na Kinyozi, mama?

Bibi: Alikuja vidole vimekakamaa, hawezi hata kuzungusha ufunguo kwenye kufuli.

Mimi: Alituambia ufunguo umepotea.

Bibi: Ulikuwa mfukoni mwake siku zote.

Nilishusha pumzi ndefu kuliko ya ukumbini. Haondoki, hajatuchukia, hayuko kitandani anasubiri siku zake. Ni vidole! Nilijisikia mwepesi, nikamwomba Birika anijazie kikombe.

Hakimu hakutaka kushindwa.

Hakimu: Lakini mama, samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumeshakauka. Ukitukunja, tunavunjika.

Bibi: Samaki mkavu hujamwona akilowekwa?

Hakimu: Nimemwona.

Bibi: Anakuwaje?

Hakimu: Analainika.

Bibi: Kwa kuvutwa kwa pupa?

Hakimu alikunywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja.

Kinyozi akatokea, kiti begani. Alipotuona na bibi yule alijua mambo yameshamwagika. Akakitua kiti, akatutazama mmoja mmoja.

Kinyozi: Mmefanana na mafagio.

Redio: Wa kulaumiwa nani? Kwa nini hukutuambia?

Kinyozi: Hapa mtu anaitwa kwa kazi yake. Ningewaambia vidole vimegoma, mngeniita nani?

 

Hakimu: Kinyozi. Hukumu imetoka, na haina rufaa.

Kinyozi akakohoa kidogo, akageukia mlango. Akatoa ufunguo, akalishika kufuli kwa mkono wa kushoto, akazungusha kwa wa kulia. Haukwenda. Akauacha, akakunja ngumi, akafungua, akakunja tena. Bibi akamwambia, "Polepole, mwenzangu." Akarudia. Kufuli likalia, likaning'inia wazi. Redio akapiga makofi. Mimi machozi yalinitoka, na sikuyasingizia moshi wa jiko la Birika.

Kinyozi: Msishangilie sana. Ugonjwa haujaisha, umepunguza ubishi tu. Leo ni mashine. Wembe bado tunazungumza nao.

Akaingia ndani, tukamsikia anakung'uta shuka, anafungua dirisha. Akatoa kichwa mlangoni.

Kinyozi: Haya, nani wa kwanza?

Redio: Mimi!

Hakimu: Mimi, kwa haki ya umri.

Mimi: Mimi! Nyie hamkuwa hata mnamwonea huruma!

Na hakuna aliyeinuka. Tulimtazama Birika. Birika alikuwa amesimama mbele yetu, birika mkono huu, sinia la vikombe mkono ule. Akaliinamisha birika, halikutoa hata tone.

Birika: Kahawa imeisha, wazee wangu. Na leo mikono yangu imejaa.

Bibi alitutazama, akamtazama Kinyozi mlangoni, akaturudia.

Bibi: Mwenzenu anawasubiri. Mbona hamwinuki?

Redio, mwenye habari za mambo ambayo hayajatokea, aliangalia ndala zake. Mimi nilijipapasa shati nikitafuta sindano ambayo sikuwa nayo. Mashine ya Kinyozi ilishaanza kunguruma ndani. Mwishowe Hakimu alimwinamia bibi yule, akashusha sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Hakimu: Mama, hicho kiti cha huko ukumbini… ni lazima kisiwe na mikono?