Zamu ya Kushika Shuka

Kwenye benchi la mbele ya kibanda cha kinyozi, asubuhi kabla wateja hawajaamka, hakuna ugonjwa unaokosa daktari. Siku hiyo mgonjwa alikuwa Fundi Geti, mchomeleaji, aliyeangukiwa mguuni na geti alilolichomelea kwa mikono yake mwenyewe. Kidonda kilifunga zamani. Mshipa wa fahamu ndio uliogoma kupona. Mguu ulimuwaka moto kama aliyekanyaga makaa, na soksi tu ilimtoa machozi. Sasa daktari alitaka kumchoma sindano ya uti wa mgongo, dawa mbili kwa pamoja, kidogo ya hii na kidogo ya ile, maana moja peke yake ilimpa nafuu haba na ikamlewesha. Aende asubuhi hiyo hiyo, au nafasi apewe mwingine. Fundi, mwanamume mzima, akapeleka shauri lake kwa watu ambao hata mafua yao yaliwashinda.

Kinyozi ndiye aliyeanza kukataa.

— Dawa mbili kwenye uti mmoja? Wake wenza hao, ndugu yangu. Moja ikipika, nyingine inamwaga.

Breki, dereva mstaafu, akasema kugombana si kitu. Hatari ni zikipatana. Zikipatana zitashuka mpaka kwenye unyayo, zikute hakuna njia, zigeuze na kupanda kichwani. Alimjua mtu aliyechomwa ganzi ya kiuno akaamka anaongea kwa sauti ya shemeji yake.

— Shemeji yupi?

— Marehemu.

Kinyozi hakukubali kupitwa. Akaeleza kwamba uti ni bomba, ukilitoboa presha inatoka, na mtu hupungua kimo. Fundi akajitazama kwenye kioo cha kinyozi. Hakuwa na kimo cha kupoteza. Akanywa kahawa yake ya tangawizi, akataka kusema kwamba hivi navyo ni vitu viwili na tumboni havijawahi kupigana. Lakini Breki alikuwa ameshafika kwa mgonjwa aliyeota mkia, na habari ya mkia haikatizwi.

— Basi siendi, akasema Fundi.

— Umepona, akasema Kinyozi, akamjazia kikombe.

Hapo akatokea mkewe, kibegi cha hospitali mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akawasalimu vizuri, akasikiliza uamuzi wa benchi mpaka kwenye mkia.

— Haya, shemeji zangu, nimeelewa. Ila usiku mguu wake hautaki kuguswa hata na shuka, nami hukaa nimelishika juu mpaka kunakucha. Leo zamu ya nani?

Breki akakumbuka mgongo wake. Kinyozi akafunua birika, akachungulia ndani kwa muda mrefu, kama mtu aliyeangusha kitu humo.

Fundi akawatazama madaktari wake mmoja mmoja. Kisha akaweka kikombe chini, akainuka taratibu.

— Twende, mama watoto. Hata nikirudi nimefupika.

— Kwani ulikuwa mrefu lini? akasema mkewe, akampa bega.