Mpini Uliomwoza Mzee Evarist Chitemo

Marehemu Mzee Evarist Makarius Chitemo alizaliwa tarehe 3 Mei 1958 kijijini Munisagara, wilaya ya Kilosa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Makarius na Mama Editha, akasoma hapo hapo mpaka darasa la saba mwaka 1974, kisha akaenda Mikumi kwa baba yake mdogo, mhunzi, akajifunza kufua visu kwa springi za magari.

Januari 1983, akitaka kumchumbia Yusta, alimpelekea mama wa binti, Bibi Perpetua, zawadi ya kisu, lakini kwa haraka ya posa alikitia mpini wa mti mbichi, mti ukakauka, ukalegea, na Pasaka, mbele ya wageni wote, kisu kikabaki kwenye paja la mbuzi na mpini mkononi mwa Bibi, naye akasema, "Mwanangu, mpini umekushinda, nyumba utaiweza?" Watu walicheka, marehemu naye akacheka, ila posa ikarudishwa.

Hakukata tamaa, alitundika gogo la mninga juu ya moshi wa jiko la shangazi yake mpaka masika yaliyofuata, akalichonga mpini, akautoboa tundu jembamba kuliko mkia wa kisu kile, yaani chuma kinachoingia mpinini, akaupasha mkia ule ukawa mwekundu, akausukuma ujichomee njia wenyewe ndani ya mti, kisha akapitisha msumari na kuufua ncha zote mbili. Alipompelekea tena, Bibi Perpetua alikilaza kisu majini, akakianika juani, akakifunga gunia kwenye makali na kuwaita wajomba wakivute huku na huku, mjomba Danieli akaanguka chali, mpini usitikisike, Bibi akapiga vigelegele, "Haya, mchukueni binti!"

Walifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1984 hapa Mikumi, wakajaliwa Magreti, Yared na Vaileth, na wajukuu saba, na tangu hapo marehemu hakuuza kisu ambacho mkewe hajakivuta kwanza.

Novemba 2024 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa Kilosa, akiwatania wauguzi kwamba mkasi wao umelegea msumari, na tarehe 12 Februari 2025 alfajiri akatutoka akiwa ameshikwa mkono na mkewe, Yusta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake na wauza nyama wote wa Mikumi, pamoja na akina mama wanaotupikia nyuma ya nyumba, ambao kisu walichoshika muda huu ni kile kile cha Bibi Perpetua.

Pumzika kwa amani, Mzee Evarist, mpini bado umeshika.