Apolonia Maige na Baiskeli Isiyo na Kerieri

Ndugu waombolezaji, kabla sijafika kwenye tarehe na miaka, naomba kila mmoja wetu aone kichwani uwanja mdogo wa nyumba pale Nyasubi, Kahama, Jumamosi asubuhi, mama mmoja amekaa kwenye kigoda, mbele yake baiskeli imegeuzwa magurudumu juu, na jikoni kuna sufuria ya uji iliyo motoni, lakini ndani yake hamna uji, kuna mishumaa iliyoyeyuka, na ndani ya mishumaa hiyo imezama cheni. Mama yetu mzazi, aliyekuwa amekuja kumtembelea, anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Wewe Polo, sufuria niliyokupa siku ya harusi ndiyo unapikia cheni?" naye anajibu bila kuinua kichwa, "Mama, oili inashika vumbi, nta haishiki, subiri uone." Huyo ndiye Apolonia tuliyekuja kumsindikiza leo, nami Serafina, dada yake mkubwa, nimeombwa na familia niwasomee maisha yake.

Apolonia Maige alizaliwa tarehe 9 Mei 1980 hapa Kagongwa, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa marehemu mzee Maige na mama yetu Lusia, ambaye tunamshukuru Mungu kwamba yupo nasi. Alisoma shule ya msingi hapa hapa Kagongwa kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, kisha akaenda Shinyanga mjini kwa elimu ya sekondari, akiishi kwa shangazi yetu Ngokolo, akamaliza mwaka 1998. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufundisha wakati huo, na nilimwona akikosea hesabu, akifuta, akianza upya, akikosea tena, wala hakuwahi kunisogezea daftari ili nimfanyie. Mwaka 1999 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 2001 kama fundi mitambo, msichana pekee katika darasa lake.

Mwezi Februari mwaka 2003 aliajiriwa katika mgodi mmoja mkoani Geita, akawa fundi wa pampu zinazotoa maji chini ya ardhi, kazi aliyoifanya kwa zamu, wiki kadhaa huko na siku chache nyumbani, mpaka afya ilipomzuia. Tarehe 18 Septemba 2004 alifunga ndoa na Marselino Januari, mfanyabiashara wa mchele, ambaye enzi hizo alikuwa akisafirisha magunia yake kwa baiskeli kutoka Kagongwa hadi Kahama, na Mungu akawajalia watoto wawili, Fredy aliyezaliwa mwaka 2006 na Rhoda aliyezaliwa mwaka 2010.

Sasa nifike kwenye baiskeli, maana bila baiskeli historia hii haitakuwa yake. Mwaka 2017 mhandisi mmoja wa mgodini, mgeni aliyekuwa akirudi kwao, alimuuzia baiskeli iliyotumika, nyepesi, ya mashindano ya michezo mitatu, ambayo mtu huogelea, kisha huendesha baiskeli, kisha hukimbia, bila kupumzika katikati, na mashindano ya namna hiyo yalikuwa yakifanyika Mwanza kila mwaka. Ilikuwa na pembe mbili ndefu zilizotazama mbele, za kulalia mikono, na vijana wa Nyasubi walipoiona walimpigia kelele, "Mama Fredy, huyo ng'ombe wako anakamuliwa wapi?" Nilimuuliza anataka nini na mambo hayo katika umri wake, akaniambia, "Dada, pampu natengeneza kwa sababu zimeharibika, hili nalitaka kwa sababu nalitaka, na nitalimaliza." Tangu siku hiyo hilo ndilo lililokuwa mbele yake, kuimaliza michezo yote mitatu, yeye mwenyewe, kwa baiskeli ile.

Wakati yuko zamu Geita, mume wake aliitazama baiskeli ile akaihurumia, kwa sababu kwetu sisi baiskeli isiyo na kerieri haijakamilika, akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea ili amfurahishe mke wake. Fremu haikuwa ya chuma kama baiskeli zetu, ilikuwa ya aluminiamu, na moto ulipoigusa, bomba la nyuma likatoboka, tundu la kupitisha kidole. Apolonia aliporudi, Marselino alikuwa amesimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu, akasema, "Nilitaka upate pa kuweka mzigo," naye akaipapasa ile fremu, kisha akamwambia, "Baba Fredy, mzigo ni mimi mwenyewe." Walicheka wote wawili, ingawa yeye alicheka akiwa na machozi.

Watu walimshauri aiuze kama chuma chakavu, akakataa, akaibeba kwenye basi hadi Geita kwa Nasibu, fundi anayechomelea aluminiamu kwa gesi ya argoni, ambaye naye alikataa akisema kitu kile kikizidiwa moto kinatiririka kama samli. Apolonia alimrudia, akamrudia tena, mpaka Nasibu akaziba tundu kwa kiraka, akimwonya kwamba pale hapatakuwa imara kama mwanzo. Ndiyo maana kila alipoiosha alipitisha kitambaa cheupe cha pamba juu ya kiraka, akijua kwamba pakianza ufa, uzi utanasa kabla jicho halijaona. Alibadilisha tairi, akaweka pana kidogo zinazovumilia mawe ya barabara zetu, akabadilisha nyaya za breki, gia na cheni, akaachana na oili chafu tunayotumia wengi, na kuhusu mishumaa mama alisubiri na akaona, ingawa sufuria hakurudishiwa.

Mwaka 2018 alikwenda Mwanza kwa mara ya kwanza, akatolewa ziwani kwa mtumbwi kabla hata ya kuigusa baiskeli, kwa kuwa sisi watoto wa Kagongwa maji tuliyazoea ya ndoo. Alirudi, akajifunza kuogelea katika bwawa la hoteli moja Geita, pamoja na watoto wadogo. Mwezi Februari mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji Mwanza mwezi Juni, na kovu likamzuia kuinama juu ya zile pembe, basi akakata vipande vya bomba la pampu, akaziinua pembe mpaka kifua kikakubali.

Tarehe 14 Oktoba 2023 aliingia tena ziwani, akatoka kwa miguu yake, akapanda baiskeli, na zikiwa zimebaki kilomita chache kiraka kikaachia, gurudumu la nyuma likajibana kwenye fremu. Sheria inamruhusu mshindani kubeba baiskeli yake, lakini haimruhusu kusaidiwa na mtu yeyote. Akavua viatu vyake vya baiskeli, visivyofaa kutembelea, akaiweka begani. Marselino, aliyekuwa kando ya barabara, alikimbia akisema, "Polo, lete nibebe," naye akajibu, "Ukiigusa tu, nimetolewa." Basi yule mume akafumbata mikono yake nyuma ya mgongo, akatembea pembeni ya mke wake, juani, njia yote, bila kugusa kitu, na Apolonia alifika, akaitua baiskeli, akakimbia, akamaliza.

Mwezi Machi mwaka 2024 ugonjwa ulirudi. Alihamishia vifaa vya baiskeli ile kwenye fremu nyingine, akimwelekeza mume wake akiwa kitini, "Usikaze kwa nguvu za gunia, Baba Fredy, kaza kwa vidole," na baiskeli hiyo leo inaendeshwa na Rhoda. Apolonia alifariki dunia Jumatatu tarehe 11 Agosti 2025, nyumbani kwake Nyasubi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Mwanza na Kahama, wafanyakazi wenzake waliosafiri usiku kutoka Geita, fundi Nasibu, majirani wa Nyasubi waliopika na kuteka maji bila kuombwa, jumuiya na kwaya, asanteni, au kama tusemavyo Kisukuma, wabeja sana.

Nawaomba, ndugu zangu, mkumbuke jambo moja, kwamba katika kilomita zile ngumu mzigo ulikuwa wake, lakini hakutembea peke yake, na kuanzia kesho, nyumba itakaponyamaza, Baba Fredy naye atakuwa na mzigo ambao hakuna atakayeweza kumpokea, basi tusimwache barabarani, tutembee pembeni yake.

Polo, mdogo wangu, umefika, pumzika sasa kwa amani.