Mama Weka Kando Anarudi Mkata

Kwa hiyo ni kweli, wala si maneno ya jikoni wakati wa chai: tarehe 30 Juni Bi. Hajira Mhina anastaafu, baada ya kuitumikia benki yetu hapa Korogwe kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi tulitumaini ataongezewa mkataba. Yeye amesema mihogo yake ya Mkata haijui mkataba.

Alianza dirishani, akipokea fedha za wakulima wa Handeni waliotoka kuuza mahindi. Baadaye akawa afisa mikopo, na miaka ya mwisho ameongoza kitengo cha vihatarishi. Kwa lugha nyepesi, kazi yake ilikuwa kuuliza: huyu tunayemkopesha asipolipa, fedha za wateja zitatoka wapi?

Swali hilo ndilo lililompa jina la Mama Weka Kando. Miaka michache iliyopita benki yetu iliungana na nyingine kuikopesha serikali ya nchi moja ya mbali. Riba ilikuwa tamu. Tatizo ni kwamba nchi hiyo ilidaiwa kila upande, ikikopa huku ili ilipe kule. Bi. Hajira akashikilia kwamba kwa kila shilingi mia iliyokwenda huko, arobaini zitengwe kutoka kwenye faida yetu, zisiguswe na mtu. Wenye hisa walinuna, maana gawio lao lilisinyaa. Kwenye mkutano mkuu Mzee Abdulhussein, mwenye duka la vitambaa, alimtania mbele ya wote kwamba nchi si mpangaji, haiwezi kuhama usiku. Akajibiwa papo hapo kwamba ni kweli haihami, lakini pia huwezi kuifungia kufuli. Ukumbi mzima ulicheka, na fedha zikawekwa kando.

Sisi wa dirishani alitufafanulia kwa mfano wa michango ya harusi. Mtu mwenye kadi moja ya mchango akiahidi laki moja, mhesabie karibu yote. Mwenye kadi sita za mwezi huo huo akiahidi laki hiyo hiyo, nunua mchele kana kwamba ataleta robo. Si mwongo, ila ana wengi wa kuwapa. Na nchi yenye madeni mengi ni hivyo hivyo.

Mwaka jana, watu wakiandaa mashamba ya masika, redio ikatangaza kwamba nchi ile imeshindwa kulipa, na walioikopesha watarudishiwa theluthi mbili tu. Kesho yake baraza letu lilijaa. Mama mmoja kutoka Kwashemshi aliniambia kwamba mbegu, mbolea na ada ya mwanawe vyote vimo humu ndani, nimwambie ukweli kama vipo au havipo. Bi. Hajira akatoka ofisini, akasimama katikati yao, akawaeleza kwamba hasara ile ilikwisha kutengewa fedha zake zamani, na anayetaka zake achukue. Kila aliyeomba alilipwa. Mchana wengine walikuwa wanazirudisha, wakicheka kwa aibu. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakishusha pumzi pamoja. Jioni Mzee Abdulhussein alileta boksi la kashata, akasema safari hii amekuja kufungiwa kufuli mdomo wake mwenyewe.

Nami nina deni langu la shukrani. Mwezi uliopita niliolewa na Ukasha, fundi wa matrekta, mwanaume ambaye akiita jina langu, Mwantumu, nasahau nilikuwa nahesabu ngapi. Bi. Hajira alikuwa mweka hazina wa kamati yetu. Binamu Bonaventura aliahidi ng'ombe mzima, naye alikuwa amekwisha kuahidi kwenye harusi nyingine nne. Bi. Hajira akamwandikia mbuzi. Wajomba walikasirika. Siku ya harusi Bonaventura alifika na mbuzi, tena mnono, pilau likatosha hadi kwa majirani, na mimi na mume wangu tukaingia nyumbani kwetu usiku ule bila kudaiwa na mtu. Hakuna zawadi tamu kama hiyo kwa watu wanaopendana: kulala na kuamka mkiwaza ninyi tu.

Shikamoo, Mama Hajira, na asante kwa kutulinda hata tulipokununia. Mvua ikunyeshee kwa wakati wake, magoti yasikusumbue, na wajukuu wakuletee maji kabla hujaomba. Najua siku ya kukuaga ukumbini kila mtu atakuahidi kuja kukuona Mkata, na najua utakavyotuhesabu. Wengine wahesabie robo. Mimi na Ukasha tuandike wote wawili: tiketi za basi tumekwisha kukata, na kabla Julai haijaisha tutakuwa mlangoni kwako tukipiga hodi.