Sijambo ya Sista Veneranda Hatuiandiki

Ijumaa hii, tarehe 15 Agosti 2025, Sista Veneranda Bukuru anatimiza miaka sitini na kustaafu, baada ya kutumikia kituo chetu cha afya hapa Ujiji kwa miaka thelathini na minne. Nimepewa ukurasa mmoja wa ratiba ya sherehe niandike wasifu wake. Nitauandika kwa heshima zote, lakini niseme mapema kwamba nina jambo naye ambalo halijaisha. Tangu mwezi wa Ramadhani goti lake la kulia linamsumbua. Ngazi tatu za mlangoni anazipanda kwa kushika ukuta, na kila tukimuuliza anajibu "sijambo." Mtu aliyewapima wazee wa mji huu kwa miaka kumi na tisa hataki kupimwa yeye! Nitalirudia mwishoni, na asidhani nimesahau.

Sista alizaliwa Mwandiga, binti wa Mzee Selestini Bukuru, mkulima wa michikichi. Aliajiriwa mwaka 1991 na kupangiwa wodi ya wazazi, akakaa huko miaka kumi na mitano. Nusu ya vijana wa bodaboda wa Gungu wamezaliwa mikononi mwake, na mpaka leo akikutana nao barabarani huwasimamisha na kuwagombeza kwa mwendo wao. Wanamwitikia kwa adabu, halafu wanaondoka kwa mwendo ule ule.

Kilichomtoa wodi ya wazazi ni msiba. Kila mwisho wa wiki alikwenda Mwandiga kumwona baba yake. Alimwamkia, akamuuliza afya, na mzee akajibu kuwa yeye ni mzima kabisa. Ndivyo tulivyolelewa sisi. Nani atamwitikia mwanawe shikamoo halafu amtwishe ugonjwa hapo hapo mlangoni? Sista alifurahi akapitiliza jikoni. Aliuona mkanda wa mzee umetobolewa matundu mapya mawili, akajiambia ni umri, watu wazima hupungua. Kumbe ilikuwa kisukari cha miaka, na chini ya unyayo palikuwa na kidonda ambacho mzee mwenyewe hakukisikia. Alifariki kabla ya Pasaka ya mwaka 2006.

Hajawahi kulificha hilo. Kila mfanyakazi mpya humsimulia siku ya kwanza, wote wawili wakiwa wamesimama, na humalizia kwa kusema kwamba alikuwa muuguzi, akapokea salamu, akaiita kipimo. Mimi aliponisimulia nililia, naye akanipa kitambaa na kunituma nikalete mizani.

Baada ya matanga alizifungua rejista zetu. Lahaula! Mzee baada ya mzee, ukurasa baada ya ukurasa, tulikuwa tumeandika "hana malalamiko." Nasi tulikuwa tukiwaamkia na kuwauliza afya kwa pumzi moja, wao wakijibu kama adabu inavyotaka, na sisi tukiandika. Sista alikwenda kwa mganga mfawidhi akaomba chumba cha kuwapimia wazee kila Alhamisi. Akaambiwa hakuna chumba. Akarudi kesho yake, na keshokutwa, na wiki iliyofuata, mpaka akapewa stoo ya vyandarua, akaipiga deki mwenyewe.

Utaratibu wake wa Alhamisi ni mmoja na hauna njia ya mkato. Kwanza salamu, zote, mpaka ziishe: nyumbani, wajukuu, shamba, na kama dagaa wamepatikana Kibirizi. Mzee akisema hajambo, Sista hufurahi naye, na kalamu haiguswi. Kisha hunyamaza. Baada ya hapo ndipo huanza kuuliza kiungo kimoja kimoja kwa jina lake, kutoka juu kwenda chini. Masikio je? Meno? Usingizi? Usiku unaamka mara ngapi kwenda haja? Viatu huvuliwa, nyayo hutazamwa. Mwishoni mzee huinuka kwenye kiti cha mbao bila kushika kitu, huenda mpaka mlangoni, hugeuka, hurudi na kuketi, Sista akiwa na jicho moja kwenye saa ya ukutani. Nilipokuja nilidhani ni mchezo. Nilikuja kujua baadaye kwamba kiti kile kinasema mengi kuliko ulimi.

Alitufundisha pia kutowatisha watu bure. Mtu akizeeka kimo hupungua kidogo, ngozi huwa nyembamba, hatua hufupika, karatasi husomwa kwa kunyoosha mkono. Kiu huchelewa kuja, kwa hiyo mzee akumbushwe maji. Jina la jirani hupotea asubuhi likarudi mchana. Hayo huyaeleza kwa kicheko, na wazee huondoka wamepumua. Lakini kuna maneno mawili ambayo ni marufuku chumbani mle, nayo ni "uzee tu." Kukonda, kuanguka, kupotea njia ukitoka msikiti ulioswali miaka arobaini, kuvurugikiwa akili ndani ya siku mbili, vyote hivyo vina sababu, na sababu hutafutwa.

Waulizeni jamaa wa Bi Mwanvua wa hapa Ujiji. Walimleta haongei la maana, anamwita mjukuu kwa jina la marehemu mumewe, na nyumbani walishaanza kugawana zamu za kumlinda. Walisema ni umri. Sista aliwauliza mambo yameanza lini, wakasema Jumatatu. Akawatazama, akawauliza kama mama yao alizeeka Jumatatu. Alipima mkojo, yakakutwa maambukizi, dawa zikaanza siku ile ile. Alhamisi iliyofuata Bi Mwanvua alikuja kwa miguu yake, na kazi ya kwanza ilikuwa kuwasuta wanawe kwa jinsi walivyomfunga kanga.

Na Mzee Mwinshehe, fundi wa mitumbwi! Yeye aliketi kwenye benchi la nje, akawasikiliza dirishani waliomtangulia wakisoma herufi za kupimia macho, akazikariri zote. Zamu yake ilipofika alizisoma bila kosa hata moja, uso wake ukielekea kabati la dawa. Sista hakumuaibisha. Alimpongeza kwa kumbukumbu nzuri, akamwandikia rufaa ya mtoto wa jicho. Siku hizi mzee akipita hapa husoma kwa sauti kila tangazo la ukutani, hata lile la kukataza kutema mate.

Siku hizi kila Alhamisi benchi la nje halitoshi, na vituo viwili jirani vimekuja kujifunza. Chumba ameniachia mimi na Nesi Frida. Naahidi mbele yenu wote kwamba hakitarudi kuwa stoo nikiwa hai na nina ajira.

Sasa nirudi kwenye goti. Wiki iliyopita nilimvutia kile kiti nikamwomba aketi. Akacheka. Akaniambia kadi ya Alhamisi hutolewa kuanzia miaka sitini, yeye bado siku kadhaa, na utaratibu ni utaratibu. Jamani, nikakirudisha kiti mahali pake! Utaratibu aliuandika yeye, na ni kweli alikuwa hajafikisha.

Leo umefikisha, Sista wangu. Kadi yako nimeiandika kwa mkono wangu, ni ya kwanza kwa Alhamisi tarehe 21. Jina nimejaza, umri nimejaza, nyumbani Mwandiga nimejaza. Pale pa malalamiko nimepaacha wazi. Utakuja, nitakuamkia, utaitikia, tutaulizana habari za michikichi mpaka ziishe. Utasema hujambo nami nitafurahi, wallahi, lakini sitaandika. Nitanyamaza kama ulivyonifundisha, na nikichoka kunyamaza nitakuuliza goti kwa jina lake.

Asante kwa miaka yote thelathini na minne, na asante kwa baba yako, ambaye umetufanya tumtafute katika kila mzee anayeingia mlangoni. Tunakupenda, na tunakutakia uzee mrefu wenye afya iliyopimwa. Kiti kinakusubiri saa mbili asubuhi. Uje na viatu vyepesi kuvua.

Zaitun Abeid, Muuguzi